Kivuli Kiko Wapi?

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa waajiri na wa vyama vya wafanyakazi, mabibi na mabwana.

Mwaliko wa kuja kuzungumza hapa juu ya siku ya mapumziko ulinifikia siku ya mapumziko, saa 3 usiku. Ulianza hivi: "Samahani kwa usumbufu, si haraka, ila ukipata nafasi…" Niliujibu baada ya dakika 4. Kwa hiyo msinione kama mtu aliyekuja kuwahubiria. Mimi ni mgonjwa mwenzenu, tofauti yetu ni kwamba nimewahi kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

Nianze na kisa changu, maana ndicho ninachokijua vizuri zaidi. Nimekuwa mhasibu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Mwaka mmoja ofisi niliyokuwa nayo ilihamia kwenye mfumo mpya wa mishahara, na sisi watu watatu wa kitengo tukaambiwa tuvumilie kidogo. Hicho kidogo kikawa wiki 7 bila siku hata moja ya kubaki nyumbani. Sikuchoka. Au niseme hivi: sikujihisi kuchoka. Nilijiona hodari, nikawa hata na dharau kidogo kwa walioomba ruhusa. Wiki ya saba nikaandaa orodha ya malipo, nikaikagua mara mbili, nikatia saini. Asubuhi iliyofuata mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo ya mwaka. Aliipitia orodha ile akiwa amesimama, mkoba bado begani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Sifuri moja ya ziada. Mimi nilikuwa nimeitazama sifuri ile mara mbili na mara zote mbili nikaona iko mahali pake.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003. Watu wazima wenye afya walipunguziwa usingizi hadi muda wa saa 6 tu kila usiku kwa siku 14 mfululizo, wakawa wanapimwa umakini. Mwisho wa siku hizo walikuwa wameporomoka hadi kiwango cha mtu aliyekesha usiku mzima. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, majibu yao hayakulingana na vipimo: walidhani wamechoka kidogo tu na wameshaizoea hali. Utafiti ule ulikuwa wa usingizi, si wa siku ya mapumziko, lakini nilijiona ndani yake kama mtu anayejiona kwenye kioo. Mchovu ni kama mlevi. Wa mwisho kujua hali yake ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana sina imani na maneno yetu ya ofisini, "nitapumzika nikichoka," wala na ndugu yake, "nitapumzika kazi ikiisha." Neno la kwanza linamtegemea shahidi asiyeaminika. La pili linasubiri jambo lisilotokea, kwa sababu kazi haiishi, anayeisha ni mtu. Uzuri wa siku iliyopangwa ni kwamba haikuulizi kitu. Haikuulizi umechoka kiasi gani wala umefikia wapi. Inafika tu, kama jua linavyomchwea hata mkulima ambaye hajamaliza tuta lake.

Sasa, siku hii ilitoka wapi? Siku ya kawaida tumepewa na dunia inapojizungusha. Mwezi tumepewa na mwezi wenyewe, na siku zake 29 na nusu. Mwaka tumepewa na safari ya dunia kulizunguka jua. Juma ni kitu kingine. Saba haiingii sawasawa katika siku za mwezi wala katika siku za mwaka. Wenye imani wataniambia liliwekwa na Mungu, nami sibishani nao. Ninachosema ni kwamba ukitazama angani tu hutaliona. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kinaweza kubomolewa na watu wasiojua kilikuwa cha kazi gani.

Lugha yetu yenyewe inatusimulia habari hii kila tunapotaja siku. Juma na Ijumaa ni neno moja lililovaa nguo mbili, na asili yake ya Kiarabu ni kukusanyika. Tunaanza kuhesabu kesho yake: Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, tunakwenda hadi Jumatano ya tano, kisha kwa mzaha wa historia inafuata Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. (Wanaotaka wiki ya kazi ya siku tano wajihadhari, sisi tano tunazo mbili.) Lakini tazameni ni siku gani iliyopewa heshima ya kukipa jina kipindi chote. Si siku yoyote ya kazi. Ni siku ya watu kukutana.

Neno kukutana ndilo nililolibeba kuja nalo hapa, na nitalirudia hadi mnichoke. Tumezoea kuzungumza juu ya mapumziko kana kwamba ni mali ya mtu binafsi, kama usingizi au dawa ya kichwa. Mimi nasema siku ya mapumziko ni kitu cha watu wengi kwa pamoja. Ikigawanywa vipande vipande, kila mtu akapewa chake wakati wake, idadi ya siku inaweza kubaki ile ile lakini kitu chenyewe kimetoweka.

Waliotutangulia walilijua hilo. Amri ya Sabato katika Torati haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inawataja mtumwa, mjakazi, mgeni aliye ndani ya malango, hata ng'ombe na punda. Qur'ani, katika sura inayoitwa Ijumaa, inawaambia waumini waache biashara wito wa sala unapotolewa, na sala ikiisha watawanyike wakatafute riziki. Hapo hakuna agizo la kukaa siku nzima bila kazi, ila kuna mpaka kati ya soko na kisicho soko, na mpaka huo unawekwa kwa wote saa ile ile. Mwaka 321 Kaisari Konstantino wa Roma aliagiza mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya Jua, yaani Jumapili, lakini akawaruhusu wakulima waendelee na mashamba yao. Tangu zamani, ruhusa ya kutopumzika imekuwa na tabia ya kuwaangukia wenye jembe.

Serikali mbili zenye nguvu zimewahi kujaribu kulivunja juma. Wafaransa, baada ya mapinduzi yao, waliingiza mwaka 1793 kalenda mpya yenye kipindi cha siku 10, na mapumziko yakawa siku ya kumi. Fanyeni hesabu wenyewe: kutoka siku 52 za mapumziko kwa mwaka hadi 36. Kalenda ile ilifutwa na Napoleon, na kufikia mwanzo wa mwaka 1806 ilikuwa historia. Hapo hakuna fumbo; ukimnyang'anya mtu pumziko lake, hatakupenda.

Jaribio la pili ndilo linalonivutia. Mwaka 1929 Muungano wa Kisovieti ulitaka mashine zisisimame hata siku moja. Wakabuni wiki ya siku 5. Wafanyakazi wakagawanywa makundi matano, kila kundi likapewa rangi yake, na kila siku kundi moja linapumzika huku manne yakiwa kazini. Kwa hesabu, mfanyakazi alipata faida. Badala ya siku moja katika saba, sasa alikuwa na moja katika tano, karibu siku 73 kwa mwaka. Mhasibu yeyote angeusifu mpango huo, na naungama kwamba niliposoma mara ya kwanza niliusifu.

Watu waliuchukia. Mume alikuwa na rangi yake, mke yake, shule ya watoto ina siku yake, marafiki wametawanyika katika rangi zote. Mtu anabaki nyumbani siku yake ya kupumzika, anatazama kuta. Malalamiko yao yalifika hadi magazetini: siku ya mapumziko ya upweke si siku ya mapumziko. Na mashine zenyewe, zilizofanyiwa yote haya, ziliharibika ovyo, kwa sababu hazikuwa na siku ya kukarabatiwa wala mtu mmoja wa kuwajibika nazo. Mwaka 1931 wakahamia wiki ya siku 6 yenye siku moja ya mapumziko ya pamoja, na mwaka 1940 wakarudi kwenye juma la siku 7 na Jumapili yake. Ilichukua miaka 11 na dola kubwa kabisa kugundua kwamba siku 52 pamoja na wenzako ni nyingi kuliko siku 73 peke yako.

Nawaomba tuifikirie hadithi hiyo tukitazama ratiba zetu za zamu za leo. Ni wangapi hapa wana siku mbili za mapumziko kwa wiki, moja Jumanne, nyingine inahamahama, na mwenzi wake wa ndoa ana Alhamisi? Hatukupewa rangi, lakini makundi yale tunayo.

Hata wanasheria, watu ambao kwa kawaida sitarajii waandike kitu chenye moyo, walilishika jambo hili mapema. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 14 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani: angalau saa 24 mfululizo za mapumziko katika kila siku 7. Wengi huishia hapo. Kifungu chenyewe kinaendelea. Kinasema mapumziko hayo, inapowezekana, yatolewe kwa wafanyakazi wote wa mahali pa kazi kwa wakati mmoja, na yaangukie siku ambayo watu wa nchi au eneo hilo wameshaizoea kwa desturi zao. Maduka na maofisi yalipata mkataba wao mwaka 1957. Katikati hapo, mwaka 1948, Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu katika ibara ya 24 likaandika mapumziko kuwa haki ya kila mtu.

Waajiri mlioko hapa, najua mnasubiri nifike kwenye uzalishaji. Sawa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya silaha vya Uingereza vilifanya kazi hadi Jumapili, kwa sababu nchi ilikuwa vitani na hakuna aliyethubutu kuomba kupumzika. Mwaka 1915 iliundwa kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi hao, na mojawapo ya mambo ya kwanza iliyoyashughulikia ni kazi ya Jumapili. Ikaona haileti kile kilichotarajiwa. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2014, mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alizichambua upya takwimu za viwanda vile. Aliyefanya kazi saa 70 kwa wiki alitoa karibu sawa na aliyefanya saa 56. Saa 14 zilikwenda hewani. Na pale ambapo siku ya mapumziko ilikosekana kabisa, kazi ya wiki nzima ilidhurika. Kumbukeni hao hawakuwa wavivu, walijua kila kombora lina askari anayelisubiri. Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani ambaye hakuna anayemtuhumu kwa kuwaonea huruma wafanyakazi kupita kiasi, aliwapa wa viwanda vyake wiki ya siku 5 mwaka 1926, na sababu mojawapo aliyoitaja ni kwamba mtu asiye na nafasi hana wakati wa kutumia bidhaa.

Hoja hiyo nimeitoa kwa sababu ni ya kweli. Siipendi sana. Tukikubali kwamba tunapumzika ili Jumatatu tuzalishe zaidi, tumeigeuza siku ya mapumziko kuwa zamu nyingine, zamu ya kujikarabati bila malipo. Na siku akitokea mtu mwenye kidonge kinachoondoa uchovu, atatuambia sasa hamna sababu ya kwenda nyumbani. Kwangu mimi kazi ndiyo inayopaswa kujieleza mbele ya siku ya mapumziko. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kivulini ndiko safari inakoishia.

Afya sitaizungumzia kwa urefu, takwimu moja inatosha. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria, katika utafiti wa pamoja uliotolewa mwaka 2021, kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016 pekee. Gawanyeni saa 55 kwa siku 6, mtapata saa 9 na kidogo. Mnaona? Wala si watu wa ajabu. Ni sisi.

Sasa niingie mahali panapotuuma wote: simu.

Zamani mlango wa kiwanda ulikuwa na kazi mbili, kuingiza watu na kuwatoa. Ukishatoka umetoka. Kama bosi alikuhitaji siku ya mapumziko ilimbidi atume mtu, na mtu huyo alitembea, na bosi alijifikiria mara mbili kabla ya kumtuma. Gharama ile ndogo ilikuwa ukuta. Simu imeubomoa ukuta huo na hakuna aliyeuona ukianguka. Leo ninakaa kivulini, ni kweli, na jua liko mfukoni mwangu.

Tena ujumbe unaoniumiza si ule mkali. Ujumbe mkali unajibiwa, unaisha. Unaoniumiza ni ule mpole. "Habari za mapumziko? Tutaongea Jumatatu kuhusu ile ripoti." Basi. Hajaniomba chochote. Kuanzia hapo mtoto ananisimulia jambo naitikia "ee" bila kusikia, kwa kuwa nimekaa ndani ya ile ripoti: kuna nini? nimekosea wapi? Aliyeutuma ameutua mzigo wake akalala fofofo. Mimi nimeubeba mpaka Jumatatu, na Jumatatu ninagundua alitaka tu kubadilisha kichwa cha habari. Kisha kuna vile vikundi vya WhatsApp vya kazi, ambako mmoja akijibu siku ya mapumziko, kumi wanajibu ili wasionekane wamelala. Haba na haba hujaza kibaba, na siku nzima imekwisha bila mtu hata mmoja kufanya kazi ya maana wala kupumzika kwa maana.

Baadhi ya nchi zimeweka sheria. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi nje ya saa za kazi. Australia ilifuata Agosti 2024 kwa kumpa mfanyakazi haki ya kukataa kusoma au kujibu ujumbe wa mwajiri baada ya kazi, isipokuwa pale kukataa huko kusipokuwa na busara. Nazikubali sheria hizo. Lakini nimekaa ofisini vya kutosha kujua kwamba mfanyakazi haangalii sheria inasemaje, anaangalia mkubwa wake amefanya nini. Meneja anayetuma barua pepe usiku wa siku ya mapumziko na kuandika chini "usijibu leo" amefuta kwa mkono alichoandika kwa kalamu. Programu karibu zote za barua pepe zina kitufe cha kupanga ujumbe utoke saa unayotaka. Waheshimiwa mameneja, andikeni muda wowote moyo unapowatuma. Kitufe hicho hakiumi.

Nisipozungumzia wasiokuwepo humu ndani nitakuwa nimedanganya. Sisi tunaobishana juu ya barua pepe tuna mshahara wa mwezi. Kibarua anayelipwa kwa siku hana siku ya mapumziko, ana siku asiyokula. Anayeendesha gari kwa programu ya simu anaambiwa yeye ni bosi wake mwenyewe, na sijaona bosi katili kama huyo. Na mfanyakazi wa nyumbani, anayelala mahali pale pale anapofanyia kazi, atatoka saa ngapi wakati mlango wa kutokea ndio huo huo wa kuingilia? Ilibidi dunia ingoje hadi mwaka 2011 ndipo Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani uandike kwamba naye anastahili angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Miaka 90 baada ya mtu wa kiwandani. Wengi wetu tuliomo humu siku yetu ya mapumziko imesimama juu ya mgongo wa mtu wa namna hiyo, na swali la kumuuliza ukifika nyumbani ni jepesi: yako ni lini? Akifikiri kwanza kabla ya kujibu, jibu umeshalipata.

Kuna wauguzi, kuna wa umeme na maji, kuna walinzi. Hao hawawezi kufunga wote kwa pamoja, na mkataba wa 1921 ulilijua hilo ukaruhusu zamu na siku za kufidia. Ninachoomba kwa ajili yao ni ratiba inayojulikana mapema, na angalau siku moja katika mwezi inayoangukia siku ambayo jamaa zao nao wako nyumbani. Siku ya kufidia inayotangazwa jana yake ni siku ya kufua nguo tu.

Mwenyekiti, naona umeangalia saa, na kwa mada ya leo sina haki ya kuwacheleweshea watu muda. Nina ombi moja kwenu mnaokwenda kuandika ratiba mpya ya mwaka ujao. Kabla hamjapanga nani ataingia lini, chukueni kalamu mchague siku ambayo idadi kubwa kabisa ya watu wenu inaweza kutoka kwa pamoja, muizungushie duara, ndipo mpange kazi kuizunguka. Nimeshawahi kukaa kwenye meza kama hiyo. Sisi tulianza na kazi, na mwisho duara lilikosa pa kukaa.

Maswali nitayajibu sasa hivi, yote, hata ya mabishano. Yatakayobaki niandikieni, nitayasoma Jumatatu. Kesho simu yangu itakuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo nimeshamkabidhi mke wangu, ambaye siku yake nayo ni kesho.

Asanteni.